Vioo Kumi vya Mzee Mrisho

Aristides alikuwa na miaka ishirini na saba alipochaguliwa kuwa katibu wa chama ambacho hata mama yake mzazi, kule Kibosho, hakuweza kuwaeleza majirani ni cha nini. Kiliitwa Chama cha Wasaidizi wa Maabara. Watu wa mitaani Kariakoo hawakuhangaika na jina refu namna hiyo. Waliwaita wapima mikojo, na kusema kweli hawakukosea sana. Mikojo waliipima, na damu, na choo, na makohozi, wakavitazama chini ya hadubini ili daktari ajue anatibu nini. Daktari alijulikana kwa jina lake, nesi kwa kofia yake nyeupe. Mpimaji alikuwa mtu wa chumba cha mwisho, vidole vimeingia rangi ya zambarau isiyotoka kwa sabuni, na mgonjwa alipona au akafa bila kumwona.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tano. Chama hakikuwa na ofisi. Kilikutana Jumapili saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha duka la Marcelino, mjomba wake Aristides, Mtaa wa Mchikichi. Marcelino alifunga duka siku hiyo kwa ajili ya misa, akawaachia ufunguo huku akinung'unika kwamba hajapata kuona watu wazima wanaofanya kazi siku sita kisha wanajitafutia nyingine ya bure siku ya saba. Walikaa juu ya magunia ya maharage. Hadubini yao ilikuwa kuukuu, ya shaba, waliyopewa na daktari mmoja Mhindi alipofunga zahanati yake Mchafukoge. Haikuwa na taa. Ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo waliiweka mlangoni, na kila wingu lilipopita juu ya Kariakoo mtu mmoja alinyanyua kichwa na kungoja.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Mrisho. Alizaliwa papa hapa mjini, babu zake walizikwa hapa, na kazi ya maabara aliijulia vitani Burma, katika hema, mvua ikinyesha wiki nzima. Jumapili alivaa kanzu na koti jeusi, na kabla ya mkutano aliita majina ya wanachama wote, hata siku waliyokuwa watano tu na wanaonana uso kwa uso. Alisema jina la mtu likiitwa, mtu huyo hukaa vizuri zaidi. Naye kweli alipolisikia lake, Aristides alijikuta ananyoosha mgongo.

Alimpenda mzee huyu. Alipofika kutoka mlimani, hajui hata barabara ya kwenda Magogoni, ni Mzee Mrisho aliyemshika mkono na kumfundisha kutandaza tone la damu juu ya kipande kidogo cha kioo, jembamba kama pumzi. Ni yeye aliyemchukua nyumbani kwake Mtaa wa Narung'ombe, ambako mkewe, Bi Kuruthumu, alimlisha mkate wa kumimina na kumwita mtoto wa baridi. Mwezi wa Ramadhani walimwalika kufuturu, na Krismasi Bi Kuruthumu alimpelekea birika la kahawa ya tangawizi, maana alisema sikukuu haifai kuliwa na mtu peke yake.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa Machi. Mzee Mrisho aliweka kioo kimoja chini ya hadubini, akamwambia kila mmoja atazame na kuandika alichokiona bila kumwonyesha jirani. Walikuwa tisa. Karatasi zilipokusanywa, majibu yalikuwa matatu.

"Basi mgonjwa huyu," alisema mwenyekiti, "kwa Fikirini ana malaria, kwa Abbasi ni mzima, na kwa Elisaria ana homa nyingine kabisa. Naye mwenyewe ni mmoja, na kitanda chake ni kimoja."

Hapo ndipo alipoleta shauri lake. Kila baada ya miezi mitatu watapokea vioo kumi kutoka kwa Anselmi, mwanachama wa Tanga aliyesifika kwa jicho lake, pamoja na majibu ndani ya bahasha iliyofungwa. Kila mwanachama atakuwa na namba, na katibu peke yake atajua namba ni ya nani. Matokeo yatasomwa mkutanoni. Atakayepata chini ya saba asisome vioo vya malaria peke yake kazini mpaka wenzake wamfundishe upya.

Fikirini, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali na uenyekiti aliutamani waziwazi, aliuliza kama kanuni hiyo itawahusu na viongozi. Mzee Mrisho alimjibu kwamba viongozi ndio wa kwanza, na baadaye, mbele ya katibu peke yake, akajitwalia namba saba.

Duru ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilikuwa Septemba. Ijumaa jioni, jua halijazama, Aristides aliketi peke yake katika chumba cha nyuma, akafungua bahasha ya Anselmi na kuanza kusahihisha. Alipofika namba saba alipata tano. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu akiwa ameweka kidole kwenye kila mstari. Tano.

Ndipo mambo madogo yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Mzee alivyokuwa akimwomba siku hizi amsomee majina kwenye fomu, eti mwandiko wa madaktari umeharibika. Alivyomimina chai nje ya kikombe nyumbani kwake, na Bi Kuruthumu akapangusa meza haraka bila neno, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Alikaa pale mpaka waliokwenda kuswali magharibi walipoanza kupita dirishani. Alijiambia kwamba chama kingevunjika, kwamba Fikirini angepata alichokuwa akikingoja, kwamba si adabu kumvua mzee nguo mbele ya watu. Kisha akachukua karatasi safi, akanakili matokeo yote kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, na mbele ya namba saba akaandika tisa. Karatasi ya kwanza aliikunja akaitia mfuko wa shati.

Jumapili walikuja watu kumi na wanne, zaidi ya siku zote. Mzee Mrisho aliita majina, akapokea karatasi, akaishika mbali na uso wake, mkono umenyooka, na kusoma polepole. Namba moja, nane. Namba mbili, saba. Alipofika ya saba akasema, "Tisa," kisha akaishusha karatasi.

Alivua miwani yake. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akaenda zake.

"Namba saba ni mimi," alisema hatimaye. "Na hii si kweli. Katika vioo vile kumi, vinne sikuviona. Niliona ukungu tu. Niliandika kwa kubahatisha, nikamwomba Mungu. Mtu aliyebahatisha vinne hapati tisa. Naona katibu amekosea kunakili. Karatasi ya kwanza iko wapi?"

Mkono wa Aristides ulikwenda mfukoni wenyewe, maana karatasi ile alikuwa hajaachana nayo tangu Ijumaa. Mzee hakuipokea karatasi ile. Alimwelekeza ampe Fikirini, akamwomba aisome. Fikirini aliitazama, akamtazama Aristides kitambo, halafu akasoma kwa sauti ya chini, "Namba saba, tano."

Mzee Mrisho alisema kwamba kama ni hivyo anaomba kupumzika uenyekiti siku hiyohiyo. Watu walianza kusema wote pamoja. Fikirini ndiye aliyesimama, na Aristides akajua kwamba sasa yamekwisha. Lakini Fikirini alisema kwamba yeye ameisoma kanuni mara nyingi, tena akitafuta makosa ndani yake. Kanuni inamkataza mwenye chini ya saba kusoma vioo peke yake. Haimkatazi kuongoza. Mwenyekiti abaki mpaka mkutano mkuu wa Desemba, na hilo la vioo lishughulikiwe kesho. Kisha akakaa juu ya gunia lake na kutazama chini, kana kwamba ameona haya kwa wema wake mwenyewe.

Baada ya mkutano Mzee Mrisho alimwomba Aristides amsindikize. Walitembea kupita soko, mabati yake yakiwa kimya kwa kuwa wengi walikwisha kufunga. Aristides ndiye aliyeanza. Alikiri yote, na akaomba radhi.

"Umenipenda, Aristidi, najua," alisema mzee, ambaye jina hilo hakuwahi kulitamka na ile s ya mwisho. "Lakini yule mgonjwa aliye kitandani hakuwamo chumbani ulipokuwa ukiandika. Ungemwona, usingeandika."

"Naomba uniadhibu, mzee."

"Desemba utagombea uenyekiti."

Aristides alisimama. "Mimi niliyedanganya?"

"Wewe. Wale wengine hawajui bado kama wanaweza kudanganya. Wewe unajua."

Asubuhi ya Jumatatu Mzee Mrisho aliingia kwa daktari mkuu wa hospitali yake, akasimama, akasema macho yake yamekufa na kwamba anaomba vioo alivyosoma mwezi uliopita visiguswe. Vilikuwa mia mbili na kitu, vimepangwa katika visanduku vya mbao. Chama kilijitolea kuvisoma upya. Kwa siku nne, walipotoka kazini mpaka jua lilipofifia, watu sita walikaa madirishani kwa zamu. Walipata wagonjwa kumi na mmoja walioandikiwa kwamba hawana malaria, nao walikuwa nayo.

Ilibaki kuwatafuta. Fomu zilikuwa na majina na mitaa, basi. Aristides na Fikirini walipewa baiskeli moja, Fikirini akakanyaga na Aristides akapanda nyuma, wakaulizia nyumba kwa nyumba. Jumamosi moja waliiona Dar es Salaam yote ambayo Aristides alikuja kuikumbuka maisha yake yote: bandarini, ambako mpagazi mmoja alikuwa akibeba magunia huku anatetemeka kwa homa, akidhani amelogwa, Magogoni, ambako mtu waliyemtaka alikuwa amevuka kwenda Kigamboni nao wakavuka wakamfuata, Mchafukoge, vichochoro vyake vya nguo zilizoanikwa na harufu ya bizari. Njiani walibishana kuhusu mpira, na kuhusu nani kati yao ana jicho zuri, na kabla ya jioni walikuwa marafiki bila yeyote kati yao kulisema. Waliwapata kumi. Wa kumi na moja, mzee mmoja wa Rufiji, alikuwa amerudi kwao, na hawakupata kujua habari zake. Aristides aliliandika jina lake katika daftari la chama, na hakulikata.

Mzee Mrisho mwenyewe alidai kwenda kwa mmoja wao, mwanamke aliyeitwa Sitara, mjamzito wa miezi saba, aliyekuwa amelala kitandani wiki mbili. Aristides alimwongoza. Mzee alibaki mlangoni mpaka alipokaribishwa, akamweleza kwamba yeye ndiye aliyeitazama damu yake na kukosea, na kwamba amekuja kuomba msamaha na kumpeleka akatibiwe.

Sitara alimtazama kwa mshangao zaidi ya hasira. "Sikujua kama kuna mtu anayetazama," alisema. "Nilidhani ni daktari mwenyewe. Kumbe ni wewe, baba."

Alitibiwa akapona, na mtoto alizaliwa Desemba, wiki ileile ya mkutano mkuu. Aristides alichaguliwa kwa kura kumi na moja. Fikirini akawa katibu, tena katibu mkali kupita wote. Mzee Mrisho alihamishiwa kwenye dirisha la kupokelea vipimo, ambako aliwauliza wagonjwa majina yao na kuyatamka vizuri. Mwaka wa hamsini na saba alipasuliwa jicho moja, likapona kiasi cha kusomea msahafu lakini si kioo. Jumapili aliendelea kuja. Wanachama wapya aliwafundisha kutandaza damu kwa kuwashika vidole, na kila baada ya miezi mitatu aliomba naye apewe vioo kumi, akapata alama tatu, au nne, na kusisitiza zisomwe.

Aristides aliongoza miaka minne. Hakuwa mwenyekiti mwepesi wa maneno kama mzee wake. Alisahau mambo, aligombana na Abbasi juu ya nani achukue hadubini, na mara mbili aliandika barua ya kujiuzulu akaichana. Lakini vioo vilifika mpaka Morogoro na Dodoma, na waliopata chini ya saba walikuja wenyewe kufundishwa, bila kuvutwa.

Mwaka wa hamsini na tisa alipata uhamisho wa Mwanza. Bi Kuruthumu alimfungia mkate wa safari katika kitambaa, na Mzee Mrisho akaja kituo cha treni amevaa koti lake jeusi, akamshika mkono kwa muda mrefu, wakazungumza juu ya mvua.

Jumapili ya kwanza Mwanza, baada ya misa, Aristides alikuwa na mchana mzima usio na kazi. Ilipofika saa nane alishindwa kukaa. Alivaa shati safi, akatoka kuulizia nyumba za wale wanaopima damu katika mji ule. Aliambiwa wako watatu. Mmoja alikataa, akisema Jumapili ni siku ya kulala. Wawili walikuja, wakaketi kwenye kitanda chake kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, nao wakamuuliza wameitiwa nini. Aristides akafungua daftari jipya, akawaomba kwanza wamtajie majina yao kamili.