Sabuni ya Tangi

Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, nyuma ya tangi la dizeli, mahali ambapo mkono mnene wa dereva haukuingia. Miaka yote mkewe ndiye aliyeuziba. Kila alfajiri ya safari alijipenyeza chini ya lori hilo kuukuu, akapachika kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ufa, akakikandamiza kwa kidole gumba huku akinung'unika, "Baba watoto, lori lako linakula sabuni kuliko nguo za wanao." Dereva alicheka, akasema akirudi atalipeleka kwa fundi. Alirudi mara ngapi, na fundi yuko palepale.

Sasa mama watoto amezikwa, sabuni yake ya mwisho imelegea, na dizeli inadondoka.

Fundi alilishusha tangi, akabandua kile kipande kikavu, akataka kukitupa.

"Nipe," dereva akasema.

Gumba la mkewe lilikuwa bado pale, mistari yote, hata kovu la kisu. Alikiweka juu ya madigadi taratibu kama yai, maana fundi alitaka mtu wa kumshikia tangi.

Kuchomelea hakukufika hata muda wa kunywa chai. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo tu. Fundi akamimina dizeli ndani kulijaribu tangi. Dereva aliinama, akapapasa palipokuwa na ufa: pakavu kabisa.

Alipoinuka, fundi alikuwa bombani, mikono imejaa povu.

"Haivuji tena, mzee," alisema, akisugua kucha kwa kile kipande. "Na sabuni yako inatoa grisi kwelikweli."