Acha Chungu Kidogo

Mkwe wangu alikuwa hali chakula. Si kwamba alikuwa anaringa, la. Mimba ilimkamata vibaya, na kila nilichopika alikitazama kwa adabu, akameza tonge mbili za kuniridhisha, kisha akakimbilia chooni. Mimi ni fundi cherehani, kupunguza nguo kiunoni ni kazi yangu, lakini sijawahi kumpunguzia gauni mjamzito. Muuguzi wa kliniki akasema damu imeshuka. Akampa vidonge, akasisitiza mboga za majani, maharage na maini, halafu akanitazama mimi kana kwamba hiyo damu nimeinywa. Mkirudi haijapanda, alisema, huyu tunamlaza.

Mwanangu ni dereva wa lori. Alikuwa safarini kama ilivyo kawaida yake, kaniachia mke na maneno matamu ya kwenye simu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ni mimi, mkwe na cherehani, na nisiwafiche, yule binti nilikuwa nampenda kuliko hata huyo aliyemleta. Hofu yangu ilikuwa moja tu. Mama yake mzazi, mjane anayeishi mji mwingine, angeweza kuamka siku yoyote akasema mrudisheni kwangu, ninyi mmeshindwa kumlisha. Na ningemjibu nini?

Hakusema hivyo. Alituma mfuko kwa basi. Ndani yake kulikuwa na vitunda vikavu, vya kahawia, vimekunjamana, vidogo kama vifungo vya shati. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimwona mkwe akinusa kitu bila kuziba pua. Ni vinyanya chungu vya mwitu, akanieleza, vile vinavyozaa vishadavishada kwenye mti wenye miiba. Mama yake huviloweka kwenye maziwa ya mgando na chumvi, akavianika mpaka vikauke kabisa.

Mimi na vitu vya porini hatuivi. Nilikwenda navyo hadi kliniki, nikamwonyesha muuguzi, maana kuna tunguja huko nje zinazoweza kukutoa roho. Alivigeuzageuza kiganjani akacheka. Alisema anavijua, kwao wanakula. Vina madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, na zile mbegu zake husaidia choo, jambo ambalo kwa mtu anayemeza vile vidonge vinavyofunga choo si la kudharau. Tumkamulie ndimu humo, na chai asiinywe karibu na chakula. Vidonge navyo asiache.

Nikampigia simu mama yake. Namwita Mwenzangu, kwa sababu kila mmoja wetu alizaa upande wake tukaja kuunganisha. Ni mtu wa maneno machache, na mimi maneno machache hunitia wasiwasi.

"Vioshe chumvi itoke," akasema. "Halafu acha chungu kidogo."

Nikaitikia kama mwanafunzi. Ninacho chungu kidogo cha udongo, ndicho nilichokuwa nampikia mgonjwa wangu, na iliniuma kidogo kwamba mtu wa mbali anakikataza. Lakini nikakiacha. Nikachukua sufuria kubwa, nikajaza maji, nikachemsha na kumwaga, nikachemsha tena na kumwaga tena, nikavikaanga na kuviunga kwa vitunguu na nyanya. Mkwe akaonja. Akatafuna polepole, machozi yakamlengalenga.

"Mama, hivi havina ladha yoyote," akasema kwa upole. "Kwani alikuelekeza vipi?"

Nikamwambia nimefuata kila neno. Kaniambia niache chungu kidogo, na chungu chenyewe kile pale rafuni, sijakigusa tangu asubuhi.

Akakitazama chungu. Akanitazama mimi. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, akateleza kwenye kiti, na mimi nimesimama na mwiko wangu nisijue nimekosa nini.

"Alimaanisha uchungu, mama. Ubaki uchungu kidogo. Wewe umeutoa wote."

Nilinuna kidogo, kwa heshima ya umri wangu, kisha nikacheka nami. Nikapika upya. Safari hii nilivisuuza mara moja tu, nikavikaanga mafuta machache hadi vikaanza kutatarika, nikaviunga na kukamulia ndimu. Nilipoonja uso ulinikunjamana wote. Mkwe alimaliza sahani nzima ya wali, akafuta mchuzi kwa kidole, akauliza kama kimebaki. Nilifurahi, na wivu nao ukanichoma, maana mapishi yangu yote yalikuwa yamepigwa chini na kifungo cha shati.

Tuliporudi kliniki baada ya wiki kadhaa, damu ilikuwa imepanda. Muuguzi akaonya sifa zote zisiende kwenye vitunda, vidonge navyo vimefanya kazi. Sawa. Nilitembea kurudi nyumbani kama mimi ndiye niliyepimwa.

Jioni nikampigia Mwenzangu kumshukuru, na nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini hakumtaka mwanawe arudi kwake, wakati alijua hali na alijua mimi naboronga.

"Nilimtaka sana," akasema. "Lakini nyumba yangu imepooza tangu aolewe. Nikajiuliza, akija, akazaa hapa, nitamrudisha kwenu kwa moyo gani? Nikaona bora nitume chakula, mimi nibaki."

Siku zote hizo nilikuwa namwogopa yeye, kumbe yeye alikuwa anajiogopa mwenyewe.

"Basi njoo wewe," nikamwambia. "Utalala chumbani kwangu, kitanda ni kikubwa. Tumsubiri mjukuu pamoja."

Nikaanza kumweleza basi la kupanda, akanikatiza.

"Begi liko hapa mlangoni," akasema. "Nililifunga siku ileile niliyotuma mfuko."