Moto Uliokataa Kukaa

Jiko lilizimika mara ya nne saa tatu asubuhi, na chumba kikashuka hadi nyuzi kumi na nne. Giada alikuwa na siku kumi na tisa tangu azaliwe. Mama yake, binti yetu Silvana, alikuwa amerudishwa hospitali huko Tolmezzo kwa homa ya uzazi, akatuachia mtoto, mimi na mume wangu Olivo. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo na barabara ya bondeni ilikuwa imefungwa. Majirani walishahamia mjini, nyumba zao zimefungwa mpaka Pasaka.

Jiko letu ni la peleti, vile vidonge vya unga wa mbao. Unabonyeza kitufe, vinamiminika vyenyewe, vinawaka. Lile la zamani la kuni, Olivo aliling'oa akaligawa.

"Ungeniachia jiko la mama yangu, sasa hivi tungekuwa tunatoka jasho," nilimwambia.

"Nives, usinianze. Shika tochi."

Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Moto unashika vizuri, unacheza nyuma ya kioo dakika tano sita, halafu vidonge vinaacha kushuka, mwali unanywea, kengele inalia. Nilimvalisha mtoto kofia ya pili nikamfunga kifuani kwangu, ndani ya koti. Hita ndogo ya umeme ilikuwa imeungua usiku uliotangulia.

Tukampigia Ermes, fundi aliyezoea kuja kila vuli kulisafisha.

"Siwezi kufika, mama, hata greda la kuondoa theluji halijapita," alisema. "Toeni kile kibakuli cha chuma unamowaka moto. Matundu yake yameziba?"

Yalikuwa yameziba nusu. Olivo aliyazibua kwa msumari, akafyonza majivu yote kwa mashine. Tukawasha. Dakika sita, likazimika.

"Vidonge vimelowa?" Ermes akauliza.

Nilivunja kimoja. Kilikatika kwa mlio mkavu.

"Haya, baneni karatasi kwenye mlango wa jiko, mfunge, halafu mvute karatasi. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umekwisha."

Karatasi haikutoka, ilichanika. Ermes alianza kusema kitu kuhusu bomba, simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Olivo alisimama akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na koleo na kipande cha waya.

"Wa nini huo?"

"Kuna swichi huku nyuma. Ndiyo inayokata vidonge. Naiunganisha moja kwa moja, isiwe na la kusema. Binamu yangu alifanya hivyo, mwaka wa tatu huu hana shida."

Niliingiza mkono ndani ya koti nikagusa miguu ya Giada. Ilikuwa baridi. Tangu alfajiri alikuwa akilia kila tulipolifungua jiko, lakini sasa alikuwa kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio. Nusura nimwambie Olivo, haya, unganisha.

"Swichi hiyo wameiweka ya nini?" nikauliza.

"Ya kusumbua watu."

"Olivo!"

"Sijui! Ya moshi, sijui. Nives, mtoto anaganda, unataka tukae tunasoma kitabu?"

"Weka chini hiyo koleo. Ukiigusa kabla sijarudi, nitamwambia binti yako mwenyewe."

Niliufumbua mkono wake uliofumbata koleo, nikamkabidhi mtoto ndani ya koti lake, kifuani, ili mikono yake iwe na kazi. Nikatoka na sepetu.

Nyuma ya nyumba sikuona ukuta. Theluji yote ya paa ilikuwa imeporomoka upande ule, ikarundikana kunizidi kimo. Bomba la moshi linatokea pale, usawa wa kifua, kwa sababu Olivo hakutaka kutoboa paa. Nilichimba nikilia, theluji ikiniingia shingoni, mpaka sepetu ikagonga bati. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa na barafu ya kijivu, ngumu kama sabuni ya mche. Moshi ulikuwa hauna pa kwenda ila kurudi ndani, kwetu; ndiyo maana swichi ilikuwa inakata vidonge.

Niliivunja vipande vipande, nikachimba nafasi pana kuzunguka bomba.

Nilirudi ndani. Nilibonyeza kitufe. Tulikaa sakafuni, mabega yakigusana, tukitazama kioo. Dakika sita. Saba. Kumi. Vidonge viliendelea kudondoka, tik, tik, na kupitia dirisha niliona moshi mwembamba ukipanda.

"Bomba lilikuwa limeziba?" Olivo akauliza.

"Kabisa."

Aliutazama waya uliokuwa mezani. Uso ulimbadilika, akamkumbatia mtoto kwa nguvu hata akaamka, akaanza kupiga kelele za njaa. Sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile. Niliinuka kuchemsha maji ya maziwa yake ya unga.

"Usimwambie Silvana," Olivo alisema nyuma yangu, kwa sauti ndogo.

"Nitamwambia," nikasema. "Akipona."