Ada Ipo, Nafasi Haipo

Mama Dobi aliweza kutoa doa la aina yoyote isipokuwa la machozi, na tangu afiwe na mumewe, fundi mwashi, foronya yake ilikuwa imechoreka ramani ya dunia nzima. Simu ya marehemu aliizima siku ya maziko, akaiviringisha kwenye shati lake la kazi na kuifungia kabatini.

"Asiiguse mtu. Wateja wake wakipiga, niwaambie katoka kidogo?"

Binti yake alikuwa ameomba chuo kikuu cha serikali. Mama akafua mashuka ya nyumba ya wageni, na siri zake zote, mpaka ada ya muhula wa kwanza ikatimia. Watoto wa majirani wakaitwa chuo, kwao kimya.

"Au hawakukupenda?" akauliza, mikono imezama povuni.

Binti akaendelea kukamua shuka lililokwisha kukamuliwa.

"We mtoto, una nini?"

"Mama, majibu yanakuja kwa simu. Nilipoomba, baba alisema niandike namba yake. Alitaka awe wa kwanza kujua."

"Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Ulisema asiiguse mtu."

Mama hakufuta hata povu. Simu ilipowaka, ujumbe ukamiminika: pole ya msiba aliyotumiwa maiti mwenyewe, mtu anayetaka kujengewa choo, halafu chuo. Hongera, umechaguliwa, thibitisha nafasi yako. Chuo tena: siku zimebaki chache. Na tena: muda umekwisha.

Kesho yake wakaenda chuoni, ada imefungwa kwenye pindo la nguo. Karani alikuwa mpole, na upole wake ndio uliowamaliza.

"Nafasi ameshapewa mwingine, mama yangu. Aombe tena mwakani."

"Pesa ninayo, mwanangu. Hesabu."

"Si pesa, mama."

Maji yakimwagika hayazoleki; dobi hafundishwi hilo. Nje, wanafunzi wapya walikuwa wakiingia na magodoro yao. Mama akawapima kwa macho.

"Mmoja wa hawa kakukalia kiti chako."

"Yupi?"

"Yule mwenye masikio kama ungo."

Binti akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha kicheko kikakatika njiani kikawa kilio. Mama akamlaza begani, wala hakumwambia anyamaze. Angeanzia wapi?

Mwenye masikio akawafikia, godoro kichwani.

"Shikamoo, mama. Naomba kupita."

"Marahaba, baba," akaitikia Mama Dobi, akamvuta mwanawe pembeni. "Pita."