Ndovu wa Gredi ya Tano

Mgeni alininyooshea ndoo tupu kama anayekusanya sadaka kanisani, nami nikammiminia kikombe kimoja cha maji.

"Shosho, watoto ni arobaini," akasema, kana kwamba mimi ni nyanya yake.

"Na matumbo pia ni arobaini," nikamjibu. "Maharagwe hayaivi kwa rangi."

Jina lake Fridah, msanii wa Nairobi, aliyeletwa shuleni kwetu hapa Voi awafundishe gredi ya tano kuchora kwa wiki moja. Mimi ndiye mpishi, na maji ya shule huletwa na mgongo wangu. Jumatatu aliwafundisha kukunja karatasi zikawa ndege, walimu wakapiga makofi. Miaka ishirini nimekunja chapati. Sijasikia mtu akiniita msanii.

Kukunja si kosa. Kosa lilikuwa agizo la Jumanne: kila mtoto achore ndovu kwa rangi za maji, na picha nzuri zitundikwe ukumbini mwa hoteli ya watalii. Ndovu, tena apambwe! Mwezi uliopita ndovu aliingia shambani kwetu, akamaliza ndengu, akamvunja nyonga mwanangu Mutiso aliyetoka kumfukuza kwa tochi na debe. Hadi leo Mutiso hajasimama. Binti yake, Nthenya, yumo humo gredi ya tano. Basi nikaapa kwamba mjukuu wangu hatamremba adui, na huyo mgeni nitamkausha mpaka afunge virago. Chuki ni moshi wa kuni mbichi. Unampepea jirani, macho yanayolia ni yako. Nalijua hilo. Nikapepea.

Dirisha la darasa linatazamana na jiko langu, na halina kioo. Saa nne nikasikia sauti ya Fridah ikipanda.

"Mnanichezea? Nani amewaambia mpake karatasi nzima nyeusi?"

Nikachungulia. Dawati baada ya dawati, karatasi nyeusi tititi kama matako ya sufuria zangu. Nikaziba mdomo kwa leso nisicheke kwa sauti. Watoto walikuwa wamenilipia kisasi bila kutumwa.

"Ndovu yuko wapi hapa?" akamwuliza Nthenya.

"Ndiye huyo, mwalimu."

"Mimi simwoni."

"Hata sisi hatumwoni. Huja usiku."

Fridah akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili kama ya kutupwa. Kabla haijakunjika niliona katikati ya weusi ule doa la manjano, dogo kuliko punje ya ndengu. Tochi ya baba yake. Pembeni karatasi ilikuwa imeparuzwa na brashi kavu hadi ikatoboka. Na midomo ya mtoto ilikuwa myeusi. Alikuwa akiilowesha brashi kwa mate.

Nikaishusha leso mdomoni.

Niliingia bila kubisha, mtungi wa maji ya kupikia mkononi.

"Irudishe," nikamwambia Fridah. "Hiyo si ya kukunjwa."

"Shosho, niko kazini."

"Na mimi siko ngomani. Tena mimi si shosho wako." Nikajaza ndoo hadi ikamwagika kwenye viatu vyake vyeupe. Kusema kweli, hapo sikuteleza. "Haya, Nthenya. Maliza kazi yako."

"Na chakula, Susu?" akaniuliza, akiniita nyanya kwa Kikamba chetu.

"Kitachelewa. Hakuna atakayekufa."

Fridah aliitandaza karatasi mezani, akaipapasa kwa kiganja, mkunjo haukutoka. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Mpaka leo simpendi. Akaketi kwenye benchi kando ya mtoto, magoti yakikaribia kidevu.

"Kama hamumwoni," akauliza, sauti bado chungu, "mnajuaje kwamba amefika?"

Nthenya alichovya brashi. Hakuinua macho.

"Kwanza mbwa wanabweka," akasema. "Halafu wananyamaza."

Brashi ikatambaa taratibu, ikalizunguka lile doa la manjano bila kuligusa.