Ndege ya Bafta

Mtu akinunua bafta na pamba asubuhi moja, katika duka moja, kisha akaondoka bila kupiga soga, milimani huku hakuna anayemuuliza anashona nini. Faraji seremala alilijua hilo tangu hajaota ndevu. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa angani na miguu ilikwishatangulia nyumbani, basi hapo katikati hapakubaki mtu wa kukumbuka mila. Alibeba jora lake begani, akapanda bodaboda pale sokoni Lushoto, akapandisha zake mlima njia ya Kifungilo, akipiga mluzi kwa ndani.

Alikuwa anajenga ndege. Si ya kupakia watu. Ya betri, ya kuongozwa kwa rimoti, ingawa ukiiita ya kuchezea mbele yake ungejitafutia maneno. Ukubwa wake ulikuwa theluthi nzima ya Tiger Moth, ile ndege ya zamani iliyofundishia marubani, yenye mabawa mawili juu na mawili chini. Mabawa yakiunganishwa yalikuwa mapana kuliko chumba alicholelewa Faraji pamoja na ndugu zake wote. Mbavu zake alizichonga kwa mwale, mti mwepesi kama ahadi ya mwanasiasa, ulioletwa kutoka mabondeni upande wa Bulwa. Nyaya za kukazia mabawa zilikuwa za breki za baiskeli. Mota, betri na redio viliagizwa Dar es Salaam na Glory, fundi simu wa mjini, binti wa Tanga mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia.

Dunia ilikuwa imemfunza Faraji kwa makofi, naye akajifunza kucheka kabla kofi halijatua. Kiwanda cha mbao kilichomwajiri kilifungwa. Lori la kabichi aliloshirikiana na binamu yake lilitumbukia korongoni; binamu aliruka, kabichi hazikujua kuruka. Na ndege zake ndogo za mwanzo zote ziliishia kwenye mikaratusi, ambako kunguru walizijadili kwa wiki nzima. Kila alipoulizwa habari zake alijibu, "Naanguka vizuri siku hizi, nimepata uzoefu."

Bafta ilikuwa ya kuvika mabawa, na pamba ya kulazia betri zisigongane. Ndiyo hayo tu.

Mkewe Rehema, fundi cherehani, alikuwa anamsubiri na mkasi. "Umeifua?" akauliza.

"Ole wako uifue! Wewe siku zote unafua kitambaa kwanza ili kisiwarudi wateja na kuwabana. Mimi nataka kirudi. Kishone kikiwa kikavu, tukivishe, halafu nikinyunyizie maji. Kitajikaza chenyewe kwenye mbavu kama ngozi ya ngoma. Kisha tunapaka vanishi."

"Baba Nassir, miaka yote ninapigana na vitambaa vinavyorudi, leo nimeolewa na anayeviomba virudi."

"Uliolewa zamani. Leo unashona."

Kabla bawa la pili halijapata mshono, uwanja wa nyumba ulianza kujaa. Alitangulia mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, akautua jikoni kimya. Akaja mwingine na mkungu wa ndizi, na mwingine na maharage kwenye ungo. Wakakaa chini, wakajifunika kanga, wakatazama ardhi. Faraji akatoka karakana na vumbi la mwale kwenye nyusi.

"Karibuni, mama zangu. Kuna nini?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, "Pole, baba. Kazi ya Mungu."

"Kazi ya Mungu ipi tena?"

Wakati huo wanaume nao walikuwa wanapanda njia na majembe na sepetu mabegani, na mbele yao Mzee Abubakari, mkulima wa kabichi na mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa mpira, kofia ya darizi imenyooka, uso umekunjwa kwa huzuni ya heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jikaze. Sisi sote ni wa njia hiyo." Akamshika bega. "Ni mama mkwe, ee? Sema tu, tuchimbe wapi?"

Rehema akatoka mbio na sindano mdomoni. "Mama yangu? Mama amefanyaje?"

Hapo ndipo Faraji alipoliona akilini jora lile la bafta kama walivyoliona watu wa sokoni: sanda na pamba. Akataka kulia, kikatoka kicheko. Kilikuwa kicheko kibaya sana kukitoa mbele ya wanaume wenye majembe.

"Mzee wangu, hakufa mtu. Ni ndege."

"Ndege gani? Kuku?"

Akawaingiza karakana. Wakaiona Tiger Moth imekaa juu ya meza mbili, bawa moja limeshavikwa bafta nyeupe pe, mengine mbavu wazi. Kisha mama wa maharage akacheka mpaka akakaa kwenye taka za randa, na wengine wakamfuata, si wote.

Mzee Abubakari hakucheka. Aliacha vibarua wake na lori la wateja linalosubiri, akapanda mlima na jembe kuja kumzika mtu ambaye hakufa, na sasa anaonyeshwa kitu cha kuchezea. "Unavisha sanda kitu kisha unataka kikapite juu ya vichwa vya watu?" alisema. "Na wapi? Uwanjani kwetu?"

"Mzee, sanda ni sanda ikishakatiwa maiti. Kabla ya hapo ni kitambaa, hata shati hushonwa."

"Usinichezee maneno, Faraji. Uwanja huo sitoi."

Hilo lilimwingia, utani wote ukamtoka usoni. Kwa sababu milimani huku tambarare ni adimu kama maziwa ya kuku. Nyumba imekaa kwenye ngazi ya udongo, shamba limening'inia, hata mbuzi hula ameegemea. Sehemu moja tu katika kijiji kizima mpira haubingiriki wenyewe, nayo ni ule uwanja. Ndege ndogo unaweza kuirusha kwa mkono kutoka popote, uikose popote. Hii kubwa ilitaka mahali pa kukimbia na mahali pa kutua. Bila uwanja, kazi yote ile ingekuwa kabati lenye mkia.

"Mzee," akasema, safari hii polepole, "nipe mara moja. Moja tu. Nitaipaka rangi, hutaona weupe hata wa kuchokoa jino. Ikitua ndani ya uwanja, unaniruhusu niwe narusha. Ikigusa bustani ya mtu yeyote, hata jani, sitakuomba tena mpaka siku majembe haya yatakapokuja kunizika kwa haki."

Wanaume wakaguna. Bustani iliyopakana na uwanja upande wa bondeni ilikuwa ya Mzee mwenyewe, na kila mtu alijua.

"Hata jani," akasema.

"Hata jani."

"Haya. Na chakula hiki?"

Mama wa maharage alishasimama. "Chakula cha msiba hakirudi nyumbani kilikotoka, mnataka mkosi? Kipikwe." Kikapikwa. Wakala wote, na aliyekula zaidi alikuwa yule aliyeshika sepetu.

Baada ya hapo Faraji alifanya kazi kama mtu aliyeazimwa mikono na kuambiwa atairudisha. Bafta iliyonyunyiziwa maji ilijikaza mpaka ukiigonga kwa kucha inaitika. Akaipaka vanishi nyembamba, akasugua, akapaka tena, kisha rangi ya manjano kwenye mabawa na kijani cha chai kwenye mwili. Vichwa vya misumari, ambayo kwenye ndege ya kweli hushika bati la pua, alivitengeneza kwa matone ya gundi kutoka kwenye bomba la sindano, tone kwa tone, akizuia pumzi. Kingo za matundu ya marubani alizizungushia ngozi ya kiatu kilichokufa. Saa za mkononi mbovu za Glory zikawa mita za dashibodi.

"Hizi zote zinaonyesha muda tofauti," Glory alimwambia.

"Ndiyo. Rubani ajue tu kwamba amechelewa."

Rehema akamshona rubani: mwanasesere wa kitambaa, masharubu, miwani ya waya. Faraji akamwongezea kofia yenye darizi. Glory akamtazama rubani, akamtazama Faraji. "Kaka, unatafuta ugomvi."

"Natafuta baraka."

Siku ya kurusha, asubuhi, ukungu ulikuwa umeziba mpaka milingoti ya goli. Watu walikuja hivyo hivyo, wamejifunga majaketi, na vikombe vya chai mkononi. Faraji na Glory walifunga mabawa, wakakaza nyaya, wakajaribu usukani. Mzee Abubakari akaja akiitikia salamu za asubuhi, "onga makeo", huku na huku, akainama kwenye tundu la nyuma.

"Huyu ni nani?"

"Rubani, mzee."

"Mbona amevaa kofia yangu?"

"Nilimtafuta mtu anayeaminika."

Watu wakacheka. Mzee akashika ndevu kuficha mdomo, akajikohoza, kisha akaamua kutoa nasaha kwa vijana kuhusu matumizi ya uwanja. Nasaha za Mzee zilikuwa ndefu. Zilipoisha ukungu ulikuwa umepanda na jua limewaka kwenye mabonde yote mpaka tambarare za Mkomazi, na Faraji akahisi shingoni kitu ambacho hakukipenda: upepo. Jua likichoma bondeni, hewa hupanda na mlima. Alitaka kuruka kabla haijaamka. Sasa ilikuwa imeamka na inapiga miayo.

"Tuahirishe?" Glory alinong'ona.

"Tukiahirisha wataniuliza ninaogopa nini, na mimi nitakosa jibu. Washa."

Mota ikaimba. Haikunguruma kama mashine ya mafuta. Ilivuma kama nyuki waliokubaliana. Tiger Moth ikakimbia kwenye majani, mkia ukainuka, na kabla ya mstari wa kati magurudumu yakaacha ardhi. Kelele iliyopanda ililingana na ya bao. Faraji hakusikia. Vidole gumba viwili kwenye rimoti, macho juu, akaizungusha nyuma ya mikaratusi, manjano juu ya kijani, nyaya zinametameta, ikapita mbele ya watu polepole kiasi cha kuonyesha masharubu ya rubani. Rehema alikuwa ameweka mikono kichwani. Mzee Abubakari aliinua mkono nusu, kama mtu anayetaka kupunga akakumbuka cheo chake.

Ikapita tena. Upepo ulikuwa unaikamata kwenye mabawa manne na kuibeba kama tiara. Kila ilipogeuka kuukabili, ilibidi mota ifanye kazi mara mbili.

"Betri inakwisha haraka," Glory alisema. "Kaka, ishushe. Sasa."

Akaileta. Akapunguza mota, akaielekeza uwanjani kutoka upande wa mikaratusi. Lakini ndege za zamani zimeumbwa kuelea, na hewa iliyokuwa inapanda kutoka bondeni iliishika chini ya tumbo ikakataa kuishusha. Ikapita goli la kwanza ikiwa juu. Ikapita mstari wa kati, bado iko usawa wa kichwa cha mtu mrefu. Mbele yake ulibaki upande mmoja wa uwanja, kisha mfereji, kisha kabichi.

"Izungushe!" Glory akapiga ukelele.

Faraji akasukuma mota. Ikaguna, ikalegea. Betri ilikuwa imesema neno lake la mwisho.

Aliyaona yote mawili kwa wakati mmoja, waziwazi kama mbao mbili mezani. Akiiacha, itaelea mpaka kwenye kabichi, ilale juu ya majani mapana yale kama mtoto kwenye godoro, na ndege itabaki nzima. Akiisukuma chini, itakula ardhi.

Hakufikiri sana. Alikwishaanguka mara nyingi mno hata asiogope mlio wake. Akasukuma kidole mbele mpaka mwisho.

Tiger Moth ikainamisha pua ikaingia kwenye kona ya uwanja. Ulisikika mvunjiko, mrefu, kama mtu anapasua kuni kavu kwa pupa. Pangaboi la mbele likaruka kivyake. Mabawa ya chini yakakunjika. Mkia ukasimama juu, ukatafakari, ukashuka.

Rehema akasema, "Ewe Mola," kwa sauti ndogo.

Mzee Abubakari ndiye aliyefika wa kwanza. Hakuitazama ndege. Alipita kando yake, akavuka mfereji, akatembea kwenye matuta yake yote ya mbele, ameinama, anageuza majani. Watu wote walimsubiri. Faraji alisimama na rimoti shingoni, naye akiyahesabu matuta kwa macho.

Mzee akarudi akijipangusa mikono.

"Ilikuwa inakuja kwangu," akasema. "Niliiona. Ilikuwa inakuja taratibu kabisa. Kwa nini hukuiacha? Kabichi ni laini."

"Mzee, bawa nikilivunja naliranda jingine," Faraji akasema. "Tambarare siwezi kuiranda."

Mzee aliangalia mbavu za mwale zilizotoka nje ya rangi ya manjano, kazi ya miezi imelala kwenye kona ya mpira. Alionekana kupima kitu, na hakikuwa kabichi.

"Jumatano na Jumamosi," akasema mwishowe, kwa sauti ya mwenyekiti ili kila mtu asikie. "Alfajiri, kabla upepo haujaamka. Siku ya mechi hapana. Na kamati haitatoa tena hotuba kwanza."

"Hongea, mzee, asante."

"Usinishukuru. Itengeneze."

Faraji alikwishapiga magoti. Akalala ubavu, shavu kwenye umande, anachungulia chini ya pua pale ambapo mota ilishikana na mbao. "Glory! Njoo uone," akaita, na kicheko kilikuwa kimemrudia. "Mota nzima. Ubao wa mbele ndio uliokatika, na umekatika pale pale nilipokuwa na wasiwasi nao. Shika bawa hilo. Hapana, la juu. Taratibu, hilo ni zima!"