Chambo Kutoka Duka la Kasim

Jumamosi asubuhi Kasim alifungua milango ya duka pale Ibighi, mjini Tukuyu, akapiga bismillahi, akaanza kutundika bidhaa za uvuvi barazani. Vijiko vya kung'aa vyenye ndoana alivipanga upande wa kushoto, minyoo ya mpira katikati, na vyura wa plastiki karibu na mlango, kwa sababu vyura ndio waliosimamisha wapita njia. Mishipi na rili za kuizungushia zilikaa ndani ya kabati. Mvua ya Tukuyu haina adabu, huingia hata pasipo na tundu.

Ng'ambo ya barabara Mwantum alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, akiuza minyoo halisi iliyokuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuwa na wateja. Alikuwa akitazama duka lake.

Lilikuwa lake kweli. Baba yake, marehemu mzee Saad, alifika Tukuyu kutoka Pangani akiwa na mfuko wa ndoana, akalijenga, na kabla hajafa alimkabidhi bintiye mbele ya jamaa na majirani. Anwari, mume wa Mwantum, alikuwa akisaidia kuuza tu. Anwari alipofariki, Mwantum alikaa eda kama inavyotakiwa: ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila kuonana na wanaume wasio maharimu zake. Kasim, mdogo wa Anwari, akazichukua funguo ili wateja wasipotee. Kila Ijumaa alipita dirishani akasema, "Shemeji, wewe shughulika na ibada zako. Mambo ya duka niachie mimi." Mwantum aliona ana bahati ya shemeji. Eda ilipokwisha alifungua mlango, akaona juu ya duka kibao kipya: KASIM ZANA ZA UVUVI. Alipoomba funguo, Kasim alimpa mfuko wa sukari na kumwombea dua ndefu.

Ibighi nzima ilijua. Watu walisikitika kwa muda unaostahili, kisha wakaenda kwa Kasim kununua ndoana.

Ziwa la kuvulia liko Lufingo, juu ya mashamba ya chai, ndani ya kasoko ya volkano iliyolala. Samaki wake ni besi, mwenye mdomo mpana na tabia ya kuchagua, aliyepandwa humo na bwana shamba mmoja zama za ukoloni. Huwezi kumvua besi kwa pupa. Kukiwa na ukungu unatupa kijiko kando ya matete na kukivuta upesi. Jua likitoka unafunga mnyoo wa mpira na chubwi ndogo ya kuutia uzito, unauacha uzame, unatikisa ncha ya fimbo ya kuvulia kidogo tu, unangoja. Hayo yote Ezron aliyajua. Alikuwa msimamizi mstaafu wa kiwanda cha chai, na tangu astaafu alikuwa hana mtu wa kumsimamia ila samaki.

Baada ya masika, besi waliacha kula. Walikuja hadi kwenye chambo, wakakizunguka, wakakiangalia kwa makini, kisha wakaenda zao. Ezron alibadili rangi, akabadili kina, akabadili fimbo na hata kofia. Mwisho alichukua kijiko cha chai jikoni kwake, kimoja cha seti ya harusi, hakumwambia mkewe, akakitoboa na kukifunga ndoana. Besi wa kwanza alikimeza kabla hakijalowa sawasawa.

Mkewe alipogundua alinung'unika, halafu akasema basi, chukua tu, nimekupa. Tangu siku hiyo kijiko kile hakikugusa samaki tena. Ezron akaelewa, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi wa fimbo wa Rungwe: besi anataka kitu ambacho mwenye mali hajakitoa kwa radhi.

Wavuvi walilipokea kama wanavyopokea habari ya rangi mpya ya chambo. Ushauri ukafuata. Maji yakiwa na tope, tumia kitu cha jirani kinachong'aa. Maji yakiwa maangavu, kitu kidogo cha ndugu wa karibu. Cha kuazima hakifai hata ukichelewa kukirudisha. Cha kuokota kinategemea kama ulimwona aliyekiangusha. Vijiko vya jiko la kwaya vikapungua. Kengele za baiskeli zikaacha kulia mjini, na mama mkwe mmoja alikaa harusi nzima na hereni ya sikio moja. Wenye vitu hawakupiga kelele sana, kwa kuwa vingi walivikuta sokoni ndani ya matumbo ya samaki, wakanunua vyote kwa pamoja.

Ila wateja wa Kasim hawakuhitaji usumbufu huo. Mtu alinunua kijiko pale dukani, akalipa bei kamili, akapanda Lufingo, na besi wakagombana kukifikia. Chura wa plastiki wa duka hilo alirukiwa na besi wawili kwa mpigo. Habari zikafika Mbeya. Wageni wakaanza kushuka stendi ya Tukuyu na fimbo ndefu zilizofungwa kanga, wakiuliza duka la Kasim liko wapi, na mara nyingi waliyemuuliza alikuwa Mwantum.

"Hapo mbele," alijibu. Hasira zilimpanda hadi minyoo ikajificha chini ya udongo wa kopo.

Lakini hasira za Mwantum zilikuwa za mtu mwenye akili. Alivaa baibui, akaenda kwa Tulia, mwenyekiti wa baraza la usuluhishi. "Mama Tulia," akamwambia, "mashahidi wangu wa kibinadamu wote wananunua kwa Kasim. Nimekuja na mashahidi wengine. Wako ziwani."

Tulia, mama mnene mwenye sauti ya upole, hakuona tatizo. Jumamosi iliyofuata baraza lilikaa kando ya maji, kwenye viti vya plastiki, na nusu ya mji ikapanda kuja kusikiliza. Wauza parachichi na mahindi ya kuchoma walikuwa wamewahi.

Ezron aliteuliwa mvuvi wa baraza. Kwanza alitupa kijiko alichonunua Mbeya, kwenye duka lisilo na ugomvi. Besi walikuja, wakatazama, wakaondoka. Akatupa kofia ya Kasim, ambayo Kasim mwenyewe aliinunua, akaitia darizi na kuitoa kwa hiari, ili kujua kama labda samaki wanampenda Kasim tu. Besi mmoja aliisukuma kwa pua hadi ufukweni akairudisha. Kasim akaikamua akaivaa. Mwisho Ezron alitupa kijiko kutoka dukani. Maji yakachemka, fimbo ikapinda, na besi mkubwa akatolewa akiwa amekimeza kijiko mpaka tumboni.

"Baraza limeona," alisema Tulia. "Duka ni la Mwantum."

Watu wakaitikia. Hakuna aliyebisha. Kasim mwenyewe alitikisa kichwa kukubali, akatoa funguo kwenye mfuko wa kanzu. "Mimi sikatai, shemeji," alisema. "Ukweli ni ukweli. Chukua."

Mwantum alinyoosha mkono. Alikuwa ameungoja wakati huo tangu avue nguo nyeupe.

"Mwe! Subirini kwanza," alisema Ezron. Alikuwa bado anamtoa besi ndoana. "Mama, pole sana, na hongera. Ila tufikiri kidogo. Ukilichukua duka, vijiko vitakuwa vyako. Ukituuzia, utakuwa umetupa kwa hiari yako. Sasa besi atakula nini?"

Watu wakaanza kupiga hesabu ya faida zao. Mwenye nyumba ya wageni akakohoa. Wanawake wanaobanika samaki wakatazamana. Muuza parachichi akasema kwamba yeye hana upande, ila wageni wa Mbeya wanakula sana parachichi.

Tulia alijikuna chini ya kilemba. "Haki yako imethibitika, mama, na hakuna wa kuitengua," alisema. "Duka ni lako. Baraza linaomba tu libaki mikononi mwa Kasim, kwa manufaa ya wote."

"Kwa hiyo nikubali?"

"Hapana!" walisema watu wengi kwa pamoja.

"Usikubali," Tulia alifafanua kwa upole. "Ukikubali vitakuwa vya halali. Tunakuomba uendelee kukataa, mama. Kama ulivyokuwa unakataa. Ulikuwa unakataa vizuri tu."

Kasim alirudisha funguo mfukoni. Alionekana mwenye huzuni, na pengine alikuwa nayo.

Mwantum alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja: Ezron na samaki wake, Tulia, majirani waliokuja msibani kwake na kula pilau ya hitima. Akaona kwamba bado kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyemnyang'anya: radhi yake. Akapaza sauti ili hata walioko kwenye matete wasikie.

"Mimi Mwantum binti Saad, nimempa Kasim duka. Ndoana, mishipi, kabati, mlango na kibao chake. Nimempa kwa radhi ya moyo wangu, sina kinyongo, na Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu. Haya, vueni sasa."

Watu walishtuka. Mwenye nyumba ya wageni alishika kichwa. Kasim alifungua mdomo kushukuru, akaona si mahali pake, akaufunga. Ezron alikuwa amenyong'onyea, lakini mvuvi ni mvuvi. Alifunga kijiko kingine kutoka dukani, akakitupa kando ya matete, akaanza kukivuta polepole bila matumaini.

Besi alikirukia hata nje ya maji. Alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, na nyuma yake walikuja wengine wakigombea kilichobaki.

"Ndaga fijo, asante sana, mama," alisema Ezron, na machozi yalimlengalenga kwa furaha. Watu wakapiga makofi. Mwantum akakaa chini. Alikuwa amedhani anaweza kuwadanganya samaki kama alivyotaka kujidanganya mwenyewe, na sasa uchungu wake ulikuwa umeanikwa mbele ya mji mzima, ukirusharusha mkia kwenye majani.

Hakukata tamaa; alitaka atoe kweli kutoka moyoni, ili besi waache kula. Jumamosi iliyofuata alipanda tena Lufingo akasamehe upya, safari hii baada ya kufunga siku kadhaa na kusali rakaa nyingi usiku, na besi wakala kuliko ilivyowahi kuonekana. Akasamehe kwa Kiswahili, akasamehe kwa Kiarabu alichofundishwa chuoni, akasamehe kwa kulia. Wavuvi waliweka kumbukumbu kwenye kundi lao: Mama akisamehe kimya, tupa karibu. Akisamehe kwa sauti, tupa mbali. Akilia, usitumie mshipi mwembamba.

Sasa wanamjali sana. Wanamletea kiti chenye mto, chai ya tangawizi kwenye chupa, na mwavuli. Kasim humwandalia usafiri wa kwenda na kurudi, na njiani humuuliza afya. Akichelewa kufika, watu hukaa na fimbo zao mapajani, hawatupi. Akifika, wote husimama na kumwamkia, "Shikamoo, mama," na yule anayesimama karibu zaidi humwuliza kwa heshima kama leo yuko tayari.

"Niko tayari," hujibu Mwantum. Kisha hukaza ushungi wake, huvuta pumzi, na kwa moyo wake wote hujaribu tena.